Ruzuku kwa kaya maskini, pensheni ya wazee wote au ajira za muda: ipi inafaa mahali penu?

Fedha za kuwasaidia wasiojiweza zikishapatikana, ndipo mabishano yanapoanza. Katika baraza la madiwani, katika kamati ya msikiti au ya parokia, na katika chama cha watu waliozaliwa kijiji kimoja ambao sasa wanachangishana kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, husikika sauti tatu. Wa kwanza anataka fedha zipewe kaya zilizo maskini kuliko zote. Wa pili anasema wazee wote wa eneo wapewe, bila kuulizana nani ana nini. Wa tatu anashikilia kwamba mwenye nguvu apewe kazi na alipwe jasho lake, na asiyeweza kufanya kazi ndiye apewe bure. Wote watatu wana hoja, na kila njia imekwisha kujaribiwa Afrika Mashariki kwa miaka ya kutosha, hata hatuna sababu ya kuendelea kubishana kwa kukisia.

Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa ajili ya mtu anayelazimika kuamua, awe diwani, mjumbe wa kamati, mweka hazina wa chama, au mwananchi anayeulizwa maoni yake kuhusu bajeti. Sitamwambia kwamba moja inashinda nyingine kila mahali, kwa sababu hali zenyewe hazilingani. Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, ambao ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Nchini Kenya, utafiti wa mwaka 2015/16 ulitoa asilimia 36.1 kwa nchi nzima, lakini Nairobi ilikuwa asilimia 16.7 na Turkana asilimia 79.4. Pengo kama hilo kati ya eneo na eneo ndilo linaloamua mengi. Mahali ambapo watu wanane katika kila kumi ni maskini, kuwachuja ni kupoteza muda na kuwaumiza watu. Mahali ambapo maskini ni wachache katikati ya wenye nafuu, kumpa kila mtu ni kuzitawanya fedha mpaka zisimfae yeyote.

Maswali ya kuuliza kwanza

Kila njia nitaipima kwa maswali matano. Je, nani anaingia, na nani anaachwa nje ilhali alistahili? Je, kiasi kinatosha, na fedha zinafika siku iliyotajwa? Uendeshaji wake unagharimu nini? Unafanya nini kwa heshima ya anayepokea na kwa maelewano ya majirani? Na fedha zikishaliwa, kinabaki nini?

Swali la kwanza nalipa uzito kuliko mengine, nami naona ni vizuri msomaji alijue hilo mapema. Mikutanoni watu hukasirishwa zaidi na yule aliyeingizwa bila kustahili, kwa sababu anaonekana: ana pikipiki, ana duka, ni shemeji wa mjumbe. Aliyestahili akaachwa haonekani, kwa kuwa mara nyingi hata mkutanoni hakufika. Hata hivyo hasara aliyoisababisha wa kwanza ni shilingi, na hasara aliyoipata wa pili ni chakula cha watoto wake.

Ruzuku kwa kaya zilizochaguliwa

Mfano mkubwa kwetu ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000. Utaratibu wa kuzipa kaya fedha taslimu kwa masharti ulijaribiwa kwanza, kuanzia mwaka 2010, katika vijiji 80 vya wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, nusu vikianza kupokea mapema na nusu vikisubiri ili tofauti ionekane. Mpango wa nchi nzima ulizinduliwa mwaka 2012, ukafikia kaya zaidi ya milioni moja, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020.

Nani anaingia na nani anaachwa. Uteuzi hupita ngazi tatu. Kwanza hupangwa maeneo yenye umaskini mkubwa. Kisha mkutano wa kijiji huzitaja kaya ambazo wanakijiji wenyewe wanazijua kuwa hazijiwezi. Kisha kaya hizo hujaziwa dodoso, nao mtambo hutoa alama. Ngazi hizi zina manufaa makubwa, kwa sababu kijiji kinajua yale ambayo karatasi haijui, na karatasi nayo inazuia upendeleo ambao mkutano peke yake ungeuruhusu. Udhaifu uko katika dodoso lenyewe. Halipimi kipato, linakikisia kwa kuangalia paa, sakafu, choo, mifugo na idadi ya wategemezi. Katika kijiji ambacho kaya ya kumi na kaya ya thelathini zinatofautiana kwa kuku watatu na mabati machache, kukisia huko hakuwezi kuwa sahihi sana. Mama aliyeezekewa mabati na mwanawe, kisha mwana huyo akafariki, bado anahesabiwa kwa paa lile. Ngazi ya mkutano nayo ina watu inaowasahau: mgonjwa aliyelala ndani, mjane aliyehamia juzi akifuata kibarua, mtu asiye na ukoo pale wa kumtaja jina.

Kiasi na uhakika. Katika kipindi cha kwanza cha mpango huo, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikiongezwa kulingana na watoto wanaosoma na wanaohudhuria kliniki, mpaka kiwango cha juu cha shilingi 38,000 kwa kaya, na malipo yalipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili. Ukilinganisha na mstari wa umaskini niliotaja, ambao ni wa mtu mmoja mzima, utaona kuwa ruzuku hiyo haimtoi mtu kwenye umaskini kwa mkono mmoja. Inamzuia asizame zaidi, asiuze mbuzi wake wa mwisho ili kulipia dawa.

Gharama ya kuendesha. Hii ndiyo njia yenye kazi nyingi kuliko zote. Lazima kuwe na wawezeshaji wa kuendesha mikutano, watu wa kujaza madodoso, mfumo wa kutunza orodha, kamati ya kijiji ya kusimamia, dirisha la malalamiko, na baada ya miaka michache kazi yote kurudiwa, kwa sababu umaskini hautulii katika nyumba zilezile. Orodha isiyopitiwa upya huzeeka haraka. Aliyekuwa na hali mbaya ameinuka, aliyekuwa na nafuu ameungua nyumba, na karatasi bado inasema yaleyale.

Heshima na maelewano. Mpango uliweka masharti: watoto wahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na wadogo wapelekwe kliniki. Watetezi wa masharti wanasema yanamkumbusha mzazi wajibu wake. Wapinzani wanasema yanamkata ruzuku yule hasa mwenye matatizo makubwa. Ushahidi hauegemei upande mmoja. Utafiti uliofanyika wilaya ya Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009, uliwalinganisha wasichana waliopewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule na wasichana waliopewa bila sharti lolote. Kwa masomo, wenye masharti walifanya vizuri zaidi. Lakini ndoa za mapema na mimba zilipungua zaidi kwa wale wasiowekewa masharti, kwa sababu msichana aliyeacha shule bado alikuwa na fedha zake mkononi na hakulazimika kutafuta mume wa kumlisha. Kamati inayotaka kuweka masharti ijiulize basi inamtaka nani asaidiwe: yule anayeweza kubaki shuleni, au yule ambaye shule imekwisha kumshinda.

Kuhusu majirani, uchungu huzaliwa pale ambapo sababu ya kuchaguliwa haieleweki. Alama zikitoka kwenye mtambo bila mtu wa kuzieleza kwenye mkutano, wengi watasema ni bahati au ni hila.

Kinachobaki. Hapa njia hii ina sifa nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Katika vijiji vile 80 vya majaribio, kaya zilizopokea hazikuzitapanya fedha. Zilinunua kuku na mbuzi, zikajiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, na watoto wake walikuwa na viatu zaidi kuliko wa vijiji vilivyosubiri. Viatu ni jambo dogo kwa anayekaa ofisini. Kwa mtoto anayetembea hadi shuleni wakati wa masika, ni kinga ya minyoo na ni ruhusa ya kuingia darasani bila aibu.

Inamfaa nani. Inafaa pale ambapo tofauti kati ya maskini na wasio maskini inaonekana kwa macho, penye watumishi wa kuendesha kazi ya uteuzi kwa uaminifu, na ambapo wanaolengwa zaidi ni watoto.

Pensheni kwa kila mzee

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa mvuvi, mkulima wa karafuu, mama wa nyumbani au karani mstaafu, kwa fedha za bajeti yake yenyewe. Baadaye kiwango kiliongezwa. Kenya ilifika hapo kwa mzunguko. Ilianza kuwalipa wazee maskini waliochaguliwa, kisha mwaka 2018, chini ya mpango wa Inua Jamii, ikafungua mlango kwa wote wenye miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inautaja ulinzi wa jamii kuwa haki ya kila mtu na kuitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Kwa hiyo mzee wa Kenya anaweza kudai, si kuomba tu.

Nani anaingia na nani anaachwa. Hakuna dodoso wala alama. Swali ni moja, nalo ni umri. Kwa sababu hiyo makosa ya kumwacha anayestahili huwa machache, isipokuwa katika jambo moja ambalo kamati isilipuuze: wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na umri ulioandikwa kwenye kitambulisho chao ulikadiriwa na karani miaka mingi iliyopita. Bibi aliyezaliwa mwaka wa njaa fulani, anayekumbukwa na rika lake lote kuwa mkubwa wao, anaweza kuwa na miaka 66 kwenye karatasi. Pale ndipo neno la sheha, la mwenyekiti wa mtaa au la wazee wenzake linapohitajika, na utaratibu wa kulisikiliza uandikwe mapema.

Kuna kuachwa kwa namna nyingine pia, ambako si kosa la karani bali kumo katika njia yenyewe. Katika sensa ya mwaka 2022, zaidi ya Watanzania wanne katika kila kumi walikuwa na umri chini ya miaka 15, na waliovuka 70 ni sehemu ndogo sana. Kaya changa ya mama mwenye watoto wanne na mume aliyeondoka haina mzee ndani yake. Pensheni haitaifikia hata ikilipwa kikamilifu miaka yote.

Kiasi na uhakika. Kiasi ni kidogo, lakini ni cha mtu mmoja na hakipandi wala kushuka kulingana na mahudhurio ya mtu mwingine. Tatizo kubwa linalojulikana ni ucheleweshaji. Nchini Kenya malipo yamechelewa mara kadhaa hadi yakatolewa kwa malimbikizo ya miezi. Mzee anayepokea miezi minne kwa mkupuo amekwisha kukopa dukani kwa miezi mitatu, na mwenye duka ndiye anayeondoka na sehemu ya pensheni hiyo.

Gharama ya kuendesha. Ni nafuu kusimamia, kwa kuwa orodha hubadilika kwa mambo mawili tu, mtu kufikisha umri na mtu kufariki. Ni ghali kwa upande wa fedha zenyewe, maana unamlipa pia mzee mwenye nyumba tatu za kupangisha. Wapo wanaoona hilo ni dhuluma. Mimi naona lina majibu mawili. Kwanza, gharama ya kumtafuta na kumwondoa tajiri huyo inaweza kuzidi pensheni yake. Pili, kitu kinachowahusu wote hupata watetezi wengi bajeti inapobanwa, ilhali msaada wa maskini peke yao hutetewa na maskini peke yao, nao sauti yao haifiki mbali.

Heshima na maelewano. Hapa pensheni inazizidi njia nyingine. Mzee hapokei kwa sababu ametangazwa mkutanoni kuwa fukara. Anapokea kwa sababu ameishi na amefanya kazi. Anapofika kituoni na kitambulisho kilichofungwa kwenye pindo la khanga, akaweka dole gumba kwenye wino na kuhesabu noti zake mwenyewe kabla ya kuondoka, hakuna jirani wa kumuuliza kwa nini yeye. Njia ya kulipa kwa simu imepunguza foleni hizo, lakini imeleta jambo jipya la kuangaliwa: laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu, na namba ya siri anayoijua mjukuu kuliko bibi.

Kinachobaki. Wanaodhani fedha za wazee zinaishia kwa wazee hawajakaa nyumba za Afrika. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini baada ya pensheni ya huko kupanuliwa ulionyesha kuwa bibi alipopokea, uzito na kimo cha wajukuu wake wa kike viliimarika. Babu alipopokea, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa nyumba nyingi ambazo bibi analea watoto wa wanawe waliofariki au waliokwenda mjini, pensheni ni ruzuku ya watoto kwa jina jingine.

Inamfaa nani. Inafaa pale ambapo wazee wengi wanalea wajukuu, ambapo kuchagua kaya kumezua ugomvi hapo awali, na ambapo mtoaji ana chanzo cha fedha kisichokauka. Haimfai anayechangisha mara moja tu. Kuanza kumlipa mzee kisha kumwacha mwaka wa pili ni afadhali usingeanza.

Ajira za muda

Mpango wa TASAF una sehemu hii pia: kaya iliyochaguliwa yenye mtu mwenye nguvu hupewa kazi kwa siku 60 kwa mwaka, kwa ujira ambao katika kipindi cha kwanza ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kuchimba malambo, kutengeneza barabara za kijiji, kupanda miti na kuzuia mmomonyoko. Ethiopia ina mpango mkubwa zaidi wa aina hii, ulioanza mwaka 2005 na kuwafikia mamilioni ya watu, ambapo wenye nguvu hufanya kazi na wasio na nguvu hulipwa bila kazi. Rwanda ilianza wake, unaojulikana kama VUP, mwaka 2008. Kenya iliwapa vijana wa mitaa ya Nairobi na miji mingine kazi za usafi kupitia Kazi Mtaani wakati wa janga la korona mwaka 2020.

Nani anaingia na nani anaachwa. Watetezi husema njia hii inajichuja yenyewe: ujira ukiwekwa chini ya kibarua cha kawaida, mwenye nafuu hatakuja kuchimba lambo kwa fedha hizo. Ni kweli kwa kiasi. Lakini mchujo huo huo unamwondoa mwenye ulemavu, mjamzito, mgonjwa, na mama anayenyonyesha ambaye hana wa kumwachia mtoto. Kaya ambayo nguvu yake yote ni mtu mmoja inaingia kwenye mtego mwingine, kwani siku za kazi zikiangukia msimu wa kulima, atachagua kati ya ujira wa leo na mavuno ya miezi sita ijayo. Ratiba ya kazi ipangwe na wakulima wenyewe, isipangwe kufuata mwaka wa fedha wa ofisi.

Kiasi na uhakika. Ujira wa siku 60 ni fedha za msimu, na zinafaa zikilipwa katika ile miezi ambayo ghala limekwisha na shamba bado ni kijani. Zikichelewa mpaka baada ya mavuno, kusudio lake lote limepotea. Malawi ilijaribu mpango wa namna hii kwa kutoa kazi hizo katika misimu tofauti, na watafiti waliofuatilia mwaka 2012 na 2013 hawakuona kaya zikiwa na usalama wa chakula zaidi kama ilivyotarajiwa. Ethiopia, kwa upande mwingine, kaya zilizokuwa ndani ya mpango kwa miaka mitano zilipata takriban mwezi mmoja zaidi wa chakula cha kutosha kwa mwaka kuliko zilizokuwa ndani kwa mwaka mmoja tu. Tofauti hizo zinatuonya tusiisifu wala kuilaumu kazi yenyewe kabla ya kuangalia muda wake na kiwango chake.

Gharama ya kuendesha. Mbali na ujira, kuna majembe, toroli, saruji, fundi wa kupima mwinuko, na msimamizi wa kuandika mahudhurio. Kamati nyingi husahau sehemu hii na kujikuta na watu mia wenye nguvu na majembe ishirini.

Heshima na maelewano. Wengi wanapenda kusema kuwa wamelipwa kwa kazi, na majirani hawanung'uniki. Faida hiyo hudumu kadiri kazi inavyokuwa ya maana. Kuwachimbisha watu mtaro ambao hakuna aliyeuomba huwadhalilisha kuliko kuwapa fedha mkononi.

Kinachobaki. Lambo lililochimbwa mahali sahihi huwanywesha ng'ombe wa kijiji kizima, hata wa wale ambao hawakuwa kwenye orodha. Lambo lililochimbwa bila fundi hujaa mchanga masika ya kwanza. Kabla ya kazi kuanza, iulizwe nani atalitunza.

Inamfaa nani. Inafaa vijana na kaya zenye watu wazima zaidi ya mmoja, mahali penye kazi ya umma inayohitajika kweli, na baada ya ukame au mafuriko ambapo kuna cha kujengwa upya. Isitumike peke yake popote; lazima pembeni yake pawe na fungu la wasioweza kufanya kazi.

Shilingi milioni 60 zinafika wapi

Tuchukue mfano wa hesabu. Chama au kata ina shilingi milioni 60 za Tanzania kwa mwaka. Kwa pensheni ya 20,000 kwa mwezi, zinawatosha wazee 250, na gharama za uendeshaji ni ndogo. Kwa ruzuku ya wastani wa 25,000 kwa kaya kwa mwezi, zinatosha kaya 200, lakini ukitoa gharama ya mikutano, madodoso na ufuatiliaji, idadi hiyo itapungua. Kwa ajira za siku 60 zenye ujira wa 3,000, kila kaya inapata 180,000 kwa mwaka, kwa hiyo hesabu tupu inatoa kaya 333, nazo zitapungua zaidi kuliko za ruzuku, kwa sababu ya vifaa na usimamizi. Usidanganywe na wingi wa kaya 333 hizo. Kwa mwezi kila moja imepata sawa na 15,000 tu, tena kwa kutoa jasho.

Vipi kuhusu kutoa fedha zote kwa mkupuo mmoja?

Wapo watakaouliza hivi, na swali lao ni la haki. Katika kaunti ya Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakaona kuwa kila dola iliyoingia iliongeza shughuli za uchumi wa eneo kwa zaidi ya dola mbili, bei zikipanda kidogo mno. Hata ambao hawakupewa walifaidika, kwa kuuza. Kigezo cha kuchaguliwa kilikuwa nyumba ya nyasi, rahisi kuona na kueleweka, ingawa aliyejinyima akanunua mabati mwaka uliotangulia alikuwa nje.

Katika jaribio jingine Siaya na Bomet, waliopewa kwa mkupuo na walioahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12 waliingia kwenye biashara kuliko walioahidiwa miaka miwili tu, na wengi wa wale wa miaka 12 walizigeuza fedha za mwezi kuwa mtaji kwa kucheza upatu. Somo hili linazihusu njia zote tatu. Mtu anayejua fedha zitakuja na mpaka lini hupanga, asiyejua hula.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa eneo lenu karibu wote ni maskini, msichuje kaya. Chagueni kundi linalojulikana kwa jambo lililo wazi, kama umri au watoto wachanga, na mlipe wote waliomo, hata kama kiasi kitakuwa kidogo.

Ikiwa maskini ni wachache na wanajulikana, ruzuku kwa kaya zilizochaguliwa itafika mbali zaidi. Fanyeni uteuzi mkutanoni, bandikeni orodha ubaoni kwa wiki kadhaa kabla ya malipo ya kwanza, na teueni watu wawili wasio wajumbe wa kamati wazungukie nyumba ambazo hazikutuma mtu mkutanoni. Tengeni tangu mwanzo nafasi kadhaa zisizojazwa, kwa ajili ya rufaa.

Ikiwa watoto wengi wanalelewa na bibi na babu, pensheni itawafikia watoto hao bila dodoso. Ongezeni fungu dogo kwa kaya za watoto zisizo na mzee, la sivyo wale waliopoteza wote wawili, mzazi na bibi, watabaki mikono mitupu.

Ikiwa tatizo lenu ni vijana wasio na kibarua na kuna barabara, lambo au mifereji inayodaiwa na wananchi wenyewe, anzeni na ajira za muda, mkimtafuta fundi kabla ya kutafuta vibarua.

Ikiwa mko katika eneo la ukame wa mara kwa mara, angalieni utaratibu wa mpango wa kukabili njaa kaskazini mwa Kenya, ulioanzia katika kaunti za Turkana, Wajir, Mandera na Marsabit. Mbali na kaya zinazolipwa wakati wote, kaya nyingine nyingi zimekwisha kusajiliwa mapema, na hali ya malisho inayopimwa kwa setilaiti ikishuka hadi kiwango fulani, nazo huanza kulipwa. Chama kidogo hakina setilaiti, lakini kinaweza kusajili watu kabla ya njaa na kukubaliana ni dalili ipi itakayofungua mfuko.

Ikiwa fedha ni za mwaka mmoja na hamna hakika ya mwaka wa pili, acheni malipo ya kila mwezi. Toeni mkupuo kwa kaya chache, mkizieleza waziwazi kuwa hakuna utakaofuata, au zitieni katika kazi moja ya umma inayoweza kukamilika ndani ya mwaka huo. Na kama mnalipa kila mwezi, wekeni benki akiba ya miezi mitatu ya malipo kabla hamjaandikisha mtu wa kwanza, ili mchango ukichelewa kutoka kwa wanachama, mpokeaji asichelewe kupata chake.